Bwana Samaki na Taa Sita

Kuna mtu mmoja mjini kwetu ambaye kwa karibu miaka thelathini alimwamkia baba yangu bila kuitikiwa. Kila walipokutana, iwe mwaloni Bangwe penye mitumbwi, iwe sokoni Mwanga, iwe msibani, alivua kofia, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo, mzee." Baba alitazama ziwa. Kama walikutana mahali ambapo ziwa halionekani, alitazama upande ambao ziwa liko. Yule mtu alingoja kidogo, kiasi cha kumeza mate, kisha akavaa kofia yake akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudia. Mimi nilikua nikilitazama jambo hilo, nikaolewa nikilitazama, nikazaa nikilitazama, na nilikwisha kata tamaa, nikijua mmoja wao atakufa kabla halijaisha.

Mtu huyo ni Bwana Samaki. Kwetu kila afisa uvuvi huitwa hivyo, na wamepita wengi, lakini ukilitaja jina hilo pekee bila kuongeza kitu, watu wa Kigoma na Ujiji wanajua unamsema huyu aliyestaafu, mwenye rula mfukoni, ambaye mwaka jana alitoa riwaya ya upelelezi. Jina la kuzaliwa analo, na kwenye jalada limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko za jina la kitabu chenyewe, jambo nililomkanya na hakusikia. Lakini sijasikia mtu akimwita kwa jina hilo, nami sitaanza leo. Kwao sijafika. Najua tu kwamba alitoka mikoa ya kati, kwenye ukame, ambako samaki hufika akiwa amekauka na amefungwa kwenye gazeti, kisha serikali kwa hekima yake ikamleta hapa asimamie ziwa.

Nianze na ugomvi, maana bila huo hutamwelewa yeye wala kitabu chake.

Alikuwa hajamaliza mwaka tangu aletwe. Mimi nilikuwa darasa la nne. Asubuhi moja alikuja mwaloni na mgambo wawili, akaenda moja kwa moja kwenye mtumbwi wa baba, akaamuru upinduliwe, na chini yake kukatoka wavu wa matundu madogo, ule wa haramu unaozoa mpaka vitoto vya samaki. Jirani yetu mmoja, ambaye sasa ni marehemu na kwa hiyo simsemi, alikuwa amempelekea habari kwamba usiku uliopita alimwona baba kwa macho yake akivua dagaa kwa wavu huo katikati ya ziwa, taa sita zikiwaka. Ukweli ni kwamba wavu ule aliuficha pale huyo jirani mwenyewe, kwa wivu wa sehemu ya kuegesha mtumbwi. Baba hakupiga kelele. Alisema, "Bwana, jana kulikuwa na mwezi." Bwana Samaki akajibu kwamba mwezi uwepo usiwepo, sheria ni sheria. Wakauchukua wavu wa haramu, wakauchukua na wavu wa baba mwenyewe, ule halali, wakaurundika juu yake, wakamwagia mafuta ya taa na kuwasha mbele ya mwalo mzima.

Msomaji ambaye si wa huku huenda naye hajaona tatizo liko wapi, basi nimwambie. Dagaa wetu huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa, dagaa wakaufuata mwanga, wakazolewa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote hung'aa, dagaa hutawanyika, na taa yako haimvuti samaki yeyote. Kwa hiyo siku hizo mitumbwi hulala mchangani na wavuvi hushinda wakishona nyavu. Mtu anayesema aliona taa sita zikivua usiku wa mwezi mpevu anasema uongo, na si uongo wa kutafuta ushahidi. Hata mimi wa darasa la nne niliujua. Mwalo mzima uliujua, mgambo wote wawili waliujua, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu wakati ule serikali haikufundishwa mbele za watu. Baba naye alikwisha sema mara moja, na baba ana kanuni yake kwamba mtu mzima haelezi mara mbili.

Bwana Samaki alikuja kuelewa miezi kadhaa baadaye, alipomuuliza mama mmoja sokoni kwa nini meza yake ya dagaa iko tupu. Wanasema alipojibiwa alikaa chini palepale, kwenye gunia la muhogo la mtu. Baada ya siku chache alikuja nyumbani kwetu jioni na wavu mpya, akaomba radhi kwa mama, maana baba alikataa kutoka chumbani. Kesho yake baba aliubeba wavu ule begani mpaka ofisini kwake akautundika kwenye uzio. Nilimfuata, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu alichomwambia: "Uliuchoma mbele ya watu, unaurudisha uchochoroni." Kuanzia siku hiyo ndipo alipoanza kutazama ziwa.

Sasa usije ukadhani Bwana Samaki ni mtu wa huzuni. Ni mtu wa kicheko, tena kicheko chenye kasoro. Huanza kucheka kabla hajafika kwenye kichekesho chake, akacheka njia nzima, na akikaribia mwisho hana tena pumzi ya kuumalizia. Ninazo hadithi zake nyingi kichwani ambazo mpaka leo sijui ziliishaje. Kuna moja ya mamba na karani wa meli ambayo nimeisikia labda mara ishirini, na kila mara huishia pale karani anapovua viatu. Alipoingia dukani kwangu kuniambia anaandika riwaya ya upelelezi, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba muuaji hatapatikana.

Rula yake ni ya plastiki, ya sentimita kumi na tano, imefifia mpaka tarakimu tatu za mwanzo hazisomeki, na yeye huzijua kwa moyo. Enzi za kazi aliipimia matundu ya nyavu. Alipostaafu hakuona sababu ya kuitoa mfukoni. Hupima chapati kwa mama ntilie, na ikipungua kuliko ya jana husema, kwa sauti ya kusikika hadi nje. Katika harusi moja ya Ujiji alimpima samaki, mgebuka, aliyekuwa kwenye sinia mbele yake na kutangaza kwamba mwenzetu huyu alistahili kuachwa akue. Upande wa bibi harusi waliudhika sana wakamletea nyama ya ng'ombe, naye akaishukuru, kwa sababu samaki mwenyewe hana hamu naye. Dagaa ndio hawagusi kabisa. Anasema sahani moja ina macho mia mbili na yote yanamtazama yeye. Mkewe, ambaye ni Muha halisi, huwaunga kwa mawese na kuwala barazani, na bwana mkubwa huhamia uani na sahani yake ya maharage, aliyoyalima mwenyewe shambani kwake Kidahwe.

Halafu hajui kuogelea. Miaka yote hiyo ya kukagua ziwa alivaa boya, hata mtumbwi ukiwa umefungwa kwenye kigingi. Wavuvi walimcheka, naye alicheka nao, lakini boya hakuvua.

Lakini nisimfanye kituko tu. Baada ya kosa lile alibadilika kwa namna ambayo watu waliiona kabla hawajaikubali. Hakuchoma tena kitu siku ileile. Akiletewa habari, aliwauliza watu watatu, na mmoja wao lazima awe mtoto. Alisema watoto hawajajifunza bado kuiogopa serikali. Akikamata wavu wa haramu asubuhi, mchana alirudi kwa mwenyewe, akaketi naye mchangani na kumwonyesha namna ya kushona wa halali, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wavuvi wengi. Alipenda kusema, "Kila kosa lina tundu lake, kazi ni kulipima." Vijana wa Mwanga waliigeuza kuwa msemo wao wa kutaniana, na yeye alifurahi sana kusikia hivyo. Watu wakaanza kumpenda. Baba akaendelea kutazama ziwa.

Mimi nina duka la steshenari Mwanga, jirani na mafundi cherehani. Nachapa barua, natoa kopi, nauza kalamu na bahasha. Bwana Samaki alianza kuja mwaka ule aliostaafu, amebeba kaunta buku tatu zilizojaa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Nikamwamkia, maana mimi sikuwahi kukatazwa, akaitikia, akaziweka mezani na kusema nimchapie. Niliusoma ukurasa wa kwanza nikamwangalia usoni nione kama anatania.

Mtu huyu alikuwa ameandika ripoti maisha yake yote, na riwaya aliiandika hivyohivyo. Juu kabisa aliweka, "Yahusu: Mauaji." Chini yake, "Somo la hapo juu lahusika." Marehemu alikutwa akiwa ameshafariki majira ya saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, ufukweni, akiwa na urefu wa sentimita mia moja sabini na mbili. Sura ya kwanza ilimalizika kwa mapendekezo manne, na mwisho wa sura ya pili kulikuwa na orodha ya watu wa kupelekewa nakala. Nilimwambia, "Mzee, hapa msomaji ataweka sahihi, hataendelea kusoma." Akacheka mpaka akaegemea mashine ya kopi.

Na mpelelezi wake! Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa koti zito na kuvuta kiko. Nikamuuliza ni nani Kigoma anavaa koti zito mwezi wa kumi. Akasema wapelelezi wote wa vitabuni wanavaa. Tukabishana juu ya koti hilo wiki nzima. Mwishowe aliondoka kwa hasira, akarudi baada ya siku tatu na sura mpya kabisa, ambamo mpelelezi ni mama muuza mawese wa sokoni, mnene, mwenye goti bovu, anayejua nani amenunua nini na nani ameacha kununua. Nilipomsoma mama yule nilijua kitabu kimepatikana.

Nilikuwa nachapa sura ya tatu, sina habari, nafikiria mambo ya chakula cha mchana. Mfanyabiashara wa nyavu ameuawa, mvuvi mmoja masikini amekamatwa, na shahidi anamwambia afisa wa serikali, "Nilimwona kwa macho yangu, katikati ya ziwa, na taa sita zikiwaka." Mstari unaofuata mvuvi anajibu kwamba usiku huo kulikuwa na mwezi. Mikono yangu ikasimama.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, rula mkononi. Nikamuuliza kama anajua mimi ni binti wa nani.

"Najua," akasema. "Kutoka kwangu Ujiji mpaka hapa nimepita maduka manne ya kuchapa."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika kama nilivyokasirika siku ile nikiwa darasa la nne, nikaona mtu huyu amechukua moto wa baba yangu akaufanya hadithi. Nilimrudishia kaunta buku zake nikamwambia kama ana neno na baba, nyumba yetu Bangwe haijahama. Hakujitetea. Alisema alikwisha kwenda nyumbani kwetu mara moja na aliambiwa kosa lake, tena aliambiwa sawasawa: jambo la mbele ya watu haliombewi radhi uchochoroni. Tangu hapo alitaka kusema mbele ya watu, ila kila akisimama mbele ya watu anaanza kucheka, na akianza kucheka hafiki mwisho. "Kitabu kinasomwa na watu wengi," akasema, "na mimi sihitaji kuwepo. Nimekuletea wewe ili nikiandika uongo, uuone."

Aliondoka bila kaunta buku. Zilikaa chini ya meza yangu wiki nzima. Siku ya nane nilizitoa nikaendelea pale nilipoishia, kwa sababu nilitaka kujua yule afisa wa kitabuni atafanya nini mwishoni. Alikuwa hajaandika bado.

Mchapishaji alipatikana Dar es Salaam baada ya wengine kutojibu, na mhariri akapangwa, binti mwenye sauti ya upole ambaye nadhani hajawahi kuona dagaa isipokuwa kwenye mfuko. Alipiga simu siku moja Bwana Samaki akiwa dukani kwangu, mzee akaiweka simu kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Binti alisema amekipenda sana, tatizo ni moja tu, mwisho haueleweki. Mama muuza mawese amejuaje kwamba shahidi ni mwongo?

"Kulikuwa na mwezi," Bwana Samaki akamwambia.

"Sawa, mzee, kulikuwa na mwezi," yule binti akasema. "Si ndiyo maana aliona vizuri?"

Bwana Samaki aliifunika simu kwa kiganja akanitazama. Nilidhani ataanza kucheka, na mimi nilikuwa tayari kucheka naye. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kisha akaondoa kiganja, akamweleza yule binti habari yote ya mwezi, giza, taa na dagaa, polepole, tangu mwanzo, na alipomaliza akamuuliza kama ameelewa au arudie. Akarudia. Usiku huohuo aliongeza aya mbili kwenye kitabu kwa ajili ya watu wa mbali.

Kikatoka, na kinaitwa *Taa Sita*. Maboksi yalikuja kwa treni, na lile la kwanza tulilifungua dukani kwangu. Nilidhani sasa mwenzangu atapata sifa zake kama mwandishi wa mafumbo, kumbe ikawa kinyume. Watu wa huku hawakuwa na fumbo lolote. Shahidi anatokea ukurasa wa kumi na mbili, na ukurasa huohuo wa kumi na mbili mji mzima ulimkamata. Fundi cherehani jirani yangu alikinunua saa tatu, saa tatu na nusu akaja mlangoni kusema, "Dada, huyo wa taa sita ndiye muuaji, halafu bado kurasa mia moja na kitu, hizo zote za nini?" Wavuvi walimsimamisha mwandishi barabarani kumwambia wamemnasa. Mwendesha bodaboda mmoja alimwambia, "Mzee, umetupiga kona lakini tumekuona." Mtu mwingine angenuna. Yeye alifungua kaunta buku mpya akaanza kuandika nani amemtambua shahidi ukurasa wa ngapi, na kila jina jipya lilimfurahisha kuliko lililotangulia.

Mmoja tu hakumtambua. Ni kijana wa uvuvi aliyeletwa karibuni, Bwana Samaki mpya, mtu wa mbali kama alivyokuwa yeye. Alisoma mpaka mwisho akashangaa kweli. Mzee aliposikia, alimfuata ofisini, akamsainia nakala na kuandika ndani, "Mwanangu, mpaka uelewe ukurasa wa kumi na mbili, usichome kitu."

Alibaki baba. Nilimpelekea kitabu, akakishika upande wa jalada, akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia. Akakirudisha. Alisema yeye hasomi vitabu vya serikali, jambo ambalo halikuwa na maana, kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho na hasomi kitu chochote. Nilimwambia Bwana Samaki kwamba nimeshindwa. Akasema si neno, akaniuliza habari za watoto, akaenda zake. Siku ile alionekana mzee kuliko nilivyozoea, na niliona vibaya moyoni kwa ajili yake. Nilikuwa nimegundua kwamba namtakia mema mtu aliyechoma wavu wa baba yangu, na sikujua hilo lilianza lini.

Basi nikangoja mwezi. Ulipokuwa mpevu nilifunga duka mchana, nikaenda mwaloni Bangwe, ambako kila mwezi siku hizo wavuvi hukaa kwenye mchanga na nyavu mapajani. Baba havui tena, lakini kushona hakuachi. Vidole vinaona vyenyewe. Nilikaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa nikawauliza vijana kama wanataka kusomewa hadithi ya mauaji. Nani anayekataa hadithi ya mauaji? Nikaanza. Baba aligeuza kigoda chake, akatupa mgongo, akaendelea kushona akitazama ziwa.

Nilisoma siku tatu. Ukurasa wa kumi na mbili vijana walilipuka kwa kelele, mmoja akarusha kofia. "Oya, huyo muongo kabisa, mwezi ulikuwa mkubwa." Baba aliendelea kushona. Siku ya pili niliona kigoda kimesogea karibu kidogo, ingawa mgongo ulikuwa palepale. Nilipofika mahali afisa wa kitabuni anapowasha moto, nilisoma kwa shida, kwa kuwa tulikuwa tumekaa kwenye mchanga uleule, na sindano ya baba ilisimama mpaka moto wa kitabuni ukazimika.

Siku ya tatu ilibaki sura ya mwisho. Sikumwita Bwana Samaki, naapa, ila mjini kwetu hakuna siri ya siku tatu. Nilimwona anakuja pembezoni mwa maji, kofia kichwani, rula mfukoni, akitembea kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alisimama mbali kidogo na vijana, avue kofia asivue. Nikaacha kusoma.

"Mwana wanje, mbona umeacha?" baba akaniuliza bila kugeuka.

Nikamwambia mwenye kitabu amekuja.

Baba akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi asome mwenyewe."

Nikampa kitabu. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Niliogopa. Mdomo wake ulikwisha anza kutetemeka upande mmoja, na mimi najua kicheko chake kinavyoanza. Kama angecheka mbele ya baba, hapo, mchangani hapo, ingekuwa basi. Akaanza kusoma. Mama muuza mawese amemshika mwongo, mvuvi amefunguliwa, na afisa anakwenda mwaloni na kusimama mbele ya watu wote. "Wavu niliouchoma ulikuwa halali," akasoma. "Mwenyewe aliniambia kulikuwa na mwezi. Sikujua maana yake, na niliona aibu kuuliza. Shahidi alidanganya, lakini aliyewasha kiberiti ni mimi." Ilibaki mistari sita. Aliisoma yote, mmoja mmoja, na sauti yake ilikatika mara mbili ikarudi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimsikia akifika mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Samaki alikifunga kitabu, akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Baba alikaa kimya muda ule tuliouzoea, wa kumeza mate, kisha ukapita, kisha ukazidi. Akageuza kigoda. Ilimchukua muda, kwa sababu mchanga ulikuwa umekishika miguu.

"Mwongo nilimjua tangu siku ile," akasema. "Nilikuwa nangoja kusikia kama afisa naye atasema." Akamtazama, kwa macho yake yale yenye ukungu, mahali sauti ilipotokea. "Marahaba. Na zile nyingine zote, marahaba."

Mimi nililia, sina haja ya kuficha. Vijana wakajifanya wanatafuta sindano. Bwana Samaki alibaki ameinama, hajui anyanyuke au akae hivyohivyo, mpaka baba alipoinua ule wavu aliokuwa akiushona, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Haya, pima na huu. Usije ukauchoma."

Akatoa rula. Akapima tundu moja mara tatu, vijana wote wamesogea kutazama, kisha akairudisha mfukoni.

"Ni halali, mzee."

"Najua," baba akasema, akasogeza kigoda ampishe nafasi ya kukaa.